Vitenzi Mia vya Rimma

Kila Jumanne na Ijumaa, nje kukiwa bado giza, Taisia Berdnikova aliingia katika chumba cha makoti cha shule ya Sosnovka, akavua buti zake za manyoya, akavaa raba alizozibeba kwenye mfuko wa kitambaa, kisha akapanda ngazi huku midomo ikimchezacheza. Hakuwa akisali. Alikuwa akirudia vitenzi vya Kiingereza.

Darasa la saba lilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja, na mwalimu wao wa Kiingereza, Zoya Lvovna, alikuwa na masikio mawili tu. Kwa hiyo aliteua wasikilizaji wanne miongoni mwa wale waliozoea kupata tano, alama ya juu kabisa. Zilipobaki dakika kumi na tano kipindi kiishe, aligonga meza kwa kipande cha chaki na kusema, "Kabidhini." Hapo wasikilizaji walikaa katika pembe nne za darasa, kila mmoja na karatasi yake ya majina, na wenzao wakajipanga mbele yao kukabidhi vitenzi walivyovikariri nyumbani.

Vitenzi vyenyewe vilikuwa mia moja, vile vikaidi visivyofuata kanuni. Kila kimoja kilikuwa na sura tatu, na mtoto aliyelelewa kwa Kirusi hakuwa na njia ya kuzikisia. Ilibidi azimeze kama dawa chungu. Vilikabidhiwa vitano vitano kila kipindi. Ukivijua, msikilizaji alikuandikia alama ya kujumlisha. Usipovijua, alikuandikia alama ya kutoa. Aliyefikisha alama tatu za kutoa alibaki shuleni kila Jumatano alasiri, na Zoya Lvovna alimfundisha mwenyewe, taratibu, mpaka viingie.

Karibu wote waliiogopa hiyo Jumatano. Ndivyo watu walivyo: humkimbia tabibu wakaukumbatia ugonjwa.

Taisia alikuwa msikilizaji wa pembe ya dirishani. Katika foleni yake alikuwamo Rimma Fayzullina, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Katika hisabati Rimma hakuwa na mpinzani. Hesabu ambazo wenzake walizihangaikia ukurasa mzima, yeye alizimaliza kwa mistari minne, kisha akaitazama theluji dirishani. Baba yake, dereva wa lori la magogo, alikuwa amemwahidi kwamba akifaulu mtihani wa mwezi wa tatu atakwenda shule ya bweni ya hisabati mjini Perm. Kutoka wilaya yao walichukuliwa watoto wawili tu kila mwaka. Mtihani ulikuwa wa hisabati, na baada yake Kiingereza cha kuulizwa ana kwa ana.

"Hisabati hainitishi," Rimma alimwambia Taisia siku moja walipokuwa wakitoka shuleni. "Kiingereza ndicho kinanitia tumbo joto. Vile vitenzi, Taya, vinaingia sikio hili vinatokea lile."

"Vitaingia tu," Taisia alisema.

Havikuingia. Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, Rimma aliketi mbele ya Taisia, akapachika viwiko mezani.

"Begin," Taisia alimtajia.

Rimma alitazama dari. "Begin," alisema. Sura mbili zilizobaki hazikuja.

"Sura zile mbili zingine zimekwenda kunywa chai," alisema Demid Kosykh, aliyekuwa nyuma kwenye foleni. Watu wakacheka.

Kati ya vitenzi vitano Rimma alivijua viwili. Taisia akaandika alama ya kutoa.

"Umeandika nini hapo?"

"Ya kutoa."

"Mimi?" Rimma aliuliza. "Yaani mimi, Taya?"

"Vitatu hukuvijua, Rimma. Nifanyeje?"

"Hakuna neno," alisema Rimma akiinuka. "Asante, Bi Mkaguzi."

Jina likashika kama gundi. Darasa lile lilikuwa pamoja tangu watoto wakiwa na meno ya utotoni, na ndani yake kumnong'oneza mwenzako jibu hakukuitwa udanganyifu, kuliitwa utu. Mwenye kosa alikuwa yule aliyefunga mdomo. Kwa siku tatu Rimma hakumsemesha Taisia. Bwaloni alihamia meza nyingine, na wasichana waliosalia wakamfuata mmoja mmoja, kila mtu na sahani yake. Taisia akala peke yake ameuelekea ukuta.

Demid alipita na sinia lake, akainama kama mhudumu. "Mheshimiwa Mkaguzi, hebu niangalizie katlesi hii. Imefuata kanuni?"

Taisia alijaribu kucheka.

Ijumaa Rimma aliketi tena mbele yake, uso umemkauka. Cha kwanza alikijua. Kufika cha pili akasita, na Taisia, bila kupanga, akaichezesha midomo yake kidogo, bila sauti, kama anayemlisha mtoto huku naye anafungua kinywa. Rimma akalidaka neno. Cha tatu vilevile. Taisia akaandika alama ya kujumlisha, na mkono wake ukawa mwepesi ghafla.

"Unaona?" Rimma alisema, uso umechangamka. "Nilikuwa navijua. Nilitaka tu kuanzishwa."

Siku hiyo walirudi nyumbani pamoja, wakimenya mbegu za alizeti kutoka mfuko mmoja, maganda yakianguka kwenye theluji. Taisia alijiambia ni mara moja tu.

Jambo la mara moja halikumbukwi kuwa ni la mara moja likishakuwa tamu. Jumanne iliyofuata akafanya vile, na Ijumaa, na baada ya Mwaka Mpya pia. Rimma hakuwa na haja ya kuomba. Alimtazama Taisia usoni, na sura za vitenzi zikamjia. Naye aliamini kwa moyo safi kwamba zinatoka kichwani mwake, kwa kuwa ulimi uliozitamka ulikuwa wake. Nyumbani hakuzirudia tena. Azirudie za nini, na karatasi imejaa alama za kujumlisha?

Taisia peke yake ndiye aliyejua.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza, Zoya Lvovna alimwita kando baada ya kipindi. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa shali ya sufi mabegani hata madirisha yakiwa yamezibwa kwa pamba kuzuia baridi.

"Rimma anakwenda Perm," alisema. "Jumatano nimebakiwa na kiti kimoja. Nimempangia yeye akikihitaji. Anakihitaji?"

"Hapana, Zoya Lvovna."

"Una hakika?"

"Ana alama za kujumlisha tupu, isipokuwa moja."

"Karatasi nimeiona. Nakuuliza wewe unayemsikiliza."

Taisia aliiona akilini meza ya bwaloni na ule ukuta. "Nina hakika," alisema.

Basi kiti kile akapewa Demid, aliyekuwa ndiyo kwanza amefikisha alama tatu za kutoa, naye akalitangazia darasa zima kwamba amefungwa jela bila kesi.

Kufikia katikati ya mwezi wa pili Rimma alikuwa amekabidhi vitenzi vyote mia moja. Zoya Lvovna aliandika barua ya kumpendekeza, na ndani yake akataja kwamba mwanafunzi huyu anavijua vitenzi vikaidi mia. Akatia sahihi.

Mtihani ulifanyika Jumamosi, na wiki hiyo ilikuwa ya chapati za maji, ile inayotangulia mfungo mrefu, wakati kila nyumba ya Sosnovka inanuka siagi. Jumapili asubuhi Taisia alikwenda kwa kina Rimma, kwenye nyumba za ghorofa nyuma ya kiwanda cha mbao. Rimma alifungua mlango, akatoka ngazini, akaurudishia nyuma yake.

"Vipi?" Taisia aliuliza.

"Hisabati nimepata zote. Hata mtahini mmoja alinifuata nje kunipa mkono." Alisema hivyo kama anayesoma bei dukani. "Kiingereza nimeanguka."

"Umeanguka vipi?"

"Mama mmoja, mpole tu, hata peremende alinipa. Akaniuliza vitenzi kumi. Nikamtazama, Taya. Nikamtazama mdomo. Kaufumba. Na mimi kichwani hamna kitu, kama mtu amepita na fagio. Nilivipata viwili."

Taisia alishika chuma cha ngazi. Kilikuwa baridi.

"Na nilikuwa navijua vyote," Rimma aliendelea. "Wewe ni shahidi wangu. Mtu anajua vitu mia, siku ya siku havimo. Baba amesema labda ni woga. Lakini hisabati mbona sikuogopa? Si woga. Ni kichwa changu, hakishiki. Sasa nimeelewa."

"Mwakani unaweza kujaribu tena."

"Nijaribu na kichwa gani? Nimeshamwambia baba. Nikimaliza la tisa naingia chuo cha kiwanda. Huko hawaulizi Kiingereza." Akavuta pumzi. "Kaa nyumbani leo, Taya. Sitaki mtu."

Taisia alirudi. Bibi yake alikuwa jikoni, chapati za maji zimepandana kwenye sahani, malai kando.

"Kula," bibi alisema.

"Sina njaa, bibi."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi umekosea mtu," bibi alisema bila kugeuka kutoka kwenye jiko. "Anayeziacha hizi ana moja kati ya hayo mawili."

Taisia angeweza kukimbia palepale, mitaa miwili tu, ukweli ukasemwa kabla chapati hazijapoa. Akakaa. Aliwaza kwamba labda Rimma atasahau. Aliwaza kwamba hata akisema, Perm hairudi. Mtu anayetafuta sababu ya kunyamaza haikosi.

Jumatatu, katikati ya kipindi cha jiografia, Taisia aliitwa chumba cha walimu. "Aje na ile karatasi ya vitenzi," alisema aliyetumwa.

Humo alimkuta Zoya Lvovna amesimama, na Farid Rashidovich, baba yake Rimma, amekaa kwenye kiti kidogo kuliko yeye, kofia ya manyoya mapajani. Rimma alikuwa karibu na mlango, ameinamia sakafu.

"Sikuja kugombana, Zoya Lvovna," baba alikuwa akisema. "Nimeendesha lori miaka kumi na minane, naheshimu kazi ya mtu. Lakini wewe uliandika kwa mkono wako kwamba mtoto anajua. Mimi Kiingereza sijui, nikaamini karatasi. Kama alikuwa hajui, kwa nini hukuniambia? Ningetafuta wa kumfundisha. Ningeuza hata pikipiki."

"Baba, nilikuwa najua," Rimma alisema. "Mwalimu hana kosa. Ni kichwa changu."

"Kosa ni langu," alisema Zoya Lvovna. "Niliandika jambo ambalo sikulisikia kwa masikio yangu. Sina pa kujificha, Farid Rashidovich, na nakuomba radhi. Ila kuna kitu kinanisumbua. Mtoto hasahau vitenzi tisini na zaidi kwa mwezi mmoja." Akamgeukia Taisia, akapokea karatasi, akaiweka mezani. Alama za kujumlisha zilikuwa zimepangana kama vijiti vya uzio. "Taisia. Wewe ndiye uliyemsikiliza. Alivijua au hakuvijua?"

Watu watatu walimtazama. Taisia aliona wazi kabisa jinsi jibu lingekuwa jepesi. Aseme tu "alivijua", mambo yaishe, mwalimu abaki na aibu yake, Rimma abaki na kichwa chake kibovu, na kesho yeye na Rimma wakae meza moja bwaloni.

"Hakuvijua," alisema.

Akaigusa ile karatasi mezani.

"Nilimwonyesha kwa midomo. Kila kipindi. Ile alama ya kutoa ndiyo ilikuwa ya kweli. Hizi nyingine nyingi niliziandika tu." Akamgeukia baba yake Rimma. "Rimma hakusahau. Hakuwahi kuvijua, kwa sababu sikumpa nafasi ya kuvijua. Kichwa chake hakina kasoro."

Zoya Lvovna aliketi polepole. "Nilikuuliza, mwezi wa kwanza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukaniambia una hakika."

"Ndiyo."

Farid Rashidovich alikuwa akiizungusha kofia yake. Alimtazama Taisia, mtoto aliyekula nyumbani kwake mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu.

Rimma ndiye aliyesema. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Siku zote nilipokuwa nafurahi, wewe unajua."

"Ulininunia, Rimma. Wote mlininunia. Nilidhani nakusaidia."

"Nilikununia siku tatu," Rimma alisema taratibu, kama anayepiga hesabu ubaoni. "Ungeniandikia tena, ningekununia siku tatu nyingine. Halafu ningekwenda Jumatano kama Demid. Demid, Taya. Demid anavijua." Akafungua mlango, akatoka. Taisia akasikia raba zake zikishuka ngazi, bila haraka.

Adhabu ilikuja, kwa sababu shule ni shule. Karatasi ya usikilizaji ilichukuliwa, na katika kitabu cha alama cha Taisia iliandikwa mbili, alama ya kufeli, ya kwanza maishani mwake, na bibi akalazimika kuisoma na kutia sahihi. Zoya Lvovna naye aliiandikia shule ya Perm barua ya pili, akakiri kosa la barua ya kwanza. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: nafasi ya mwaka huu imeshatolewa, binti anakaribishwa kurudia mtihani mwakani, na karatasi yake ya hisabati wameihifadhi.

Rimma aliisoma barua ile mara mbili. Siku iliyofuata, ambayo ilikuwa Jumatano, alibaki shuleni.

Msikilizaji wake alimchagua yeye mwenyewe. "Nataka Demid," alisema. Na Demid, aliyekuwa hajawahi kupewa mamlaka hata ya kufuta ubao, alimsikiliza kwa ukali wa kutisha, mikono ameifunga kifuani.

"Hukijui, raia," alimwambia. "Alama ya kutoa. Unataka kulia? Lia kwa Kiingereza."

"Nenda zako," Rimma alisema, na akarudia.

Theluji ikawa tope, tope likawa vumbi. Mwishoni mwa mwezi wa tano, wakati miti ya birichi imeshatoa majani, Rimma alikabidhi vitenzi vyote mia kwa Zoya Lvovna mwenyewe, mbele ya darasa, uso ameuelekeza dirishani. Ilichukua kipindi kizima. Tisini na nne alivijua. Sita hakuvijua, na Zoya Lvovna akamwandikia alama sita za kutoa.

"Sita," alisema Rimma akiitazama karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi akatabasamu. "Basi hizi tisini na nne ni zangu."

Darasa lilipotoka, Taisia alibaki kufuta ubao, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Zoya Lvovna alikuwa akikunja shali.

"Amepita karibu yangu," Taisia alisema. "Hakuniangalia. Miezi miwili sasa. Nilisema ukweli, Zoya Lvovna. Nilisema mbele ya wote."

"Ulisema."

"Sasa mbona?"

"Ulitaka ulipwe?" Mwalimu hakuuliza kwa ubaya. Alivuta kiti, akakaa karibu naye. "Nisikilize, maana hili halimo kitabuni. Siku ile ya mwezi wa kumi na moja ulipoanza kumwonyesha, hukumhurumia Rimma. Ulijihurumia wewe, usikae peke yako bwaloni. Huruma ya kweli humgharimu anayeitoa. Yako ilimgharimu mwenzako mwaka mzima. Nami nilikuwa mvivu wa kusikiliza, nikaamini karatasi, kwa hiyo sikunyooshei kidole peke yako."

Taisia alisugua ubao palepale palipokwisha kuwa safi.

"Na ukweli," Zoya Lvovna aliendelea, "ukichelewa haurudishi kilichokwisha kupotea. Perm ya mwaka huu haikurudi. Labda urafiki wenu pia hautarudi, sijui. Lakini mtoto yule alikuwa anakwenda kuishi maisha yake yote akiamini kichwa chake kibovu. Hilo ulilizuia. Hukupata kitu, na ilikupasa kulifanya. Mara nyingi uaminifu ndivyo ulivyo, Taisia. Anayekuambia una malipo ya haraka anakudanganya."

"Ndiyo, Zoya Lvovna."

"Haya. Funga madirisha, twende nyumbani."

Taisia alifunga dirisha la kwanza, la pili, la tatu. Chini uwanjani Rimma alikuwa akivuka kuelekea lango, begi begani, akimkemea Demid kwa jambo fulani la hisabati huku akichora namba hewani kwa kidole. Dirisha la mwisho lilikuwa bado wazi, na sauti ingefika. Taisia alisimama kidogo pale, kisha akalifunga bila kumwita.